Bikwembe Mbili mu Sakoshi ya Zéphyrin

Mama Germaine wa radio, jambo sana. Mi ni mama wa hapa kambi ya bakimbizi ya Mantapala, jina yangu Florentine, na kama haunisaidie mbele ya samedi, hii jumamosi, nitafanya kitu ile batu ya Nchelenge bataongea mwaka muzima.

Bwana yangu anaitwa Zéphyrin. Tulioana kule Congo, tukakimbia pamoja na batoto, tukalima hii shamba ya kambi pamoja, na mu hii miaka yote hajanipeleka kutembea hata siku moja, hata ku soko ya Kashikishi naenda peke yangu na beseni yangu ya chisense ku kichwa, samaki inanuka, jua inanipiga, yeye anabaki. Sasa juma ilipita alirudi kutoka ku shamba mbele ya saa, jembe ku mukono, akasimama ku mulango akaniangalia mupaka nikamuuliza kama niko na kitu ku uso, akasema hapana, akasema Florentine, samedi tutapanda bwato, tutaenda ku kisiwa ya Kilwa kumuona yaya yako Lévi, aller-retour, kwenda na kurudi siku moja, ruhusa ya kutoka kambi nimeshaomba. Mama Germaine, nilicheka. Yaya Lévi! Kaka yangu mukubwa na bwana yangu bakikaa ku meza moja hata bukari inakuwa chungu, tangu siku ya ndoa habajapatana, na leo Zéphyrin njo anamukumbuka?

Lakini mi si mutoto. Ku kisiwa ile kuna mwanamuke mumoja, Misozi, anauzisha chai na mikate pale bwato zinasimama, na mwaka jana Zéphyrin alienda kule kutafuta samaki, aliporudi alisifu ile chai musimu yote ya baridi, mara iko na tangawizi, mara inashuka polepole, mupaka nikamwambia basi nenda ukae mu sufuria yake. Sikusahau. Mi niko na kichwa muzuri kwa mambo kama ile.

Sasa sikiliza namna mutu anabadilika akiwa na deuxième bureau, mwanamuke wa inje. Tangu ile siku anachota mayi mwenyewe. Anaosha masahani! Tukikaa kula anasukuma samaki yote ku upande yangu, anasema kula, Florentine, kula, mama, kama vile mi ni mugonjwa ao ni kuku ya Noeli anataka ninone. Nikimuuliza shida ni nini anatoka inje kukohoa. Nilitaka kusuka nywele kwa ajili ya safari, nimeshanunua na meshi, nywele za kuunganisha, akasema acha kwanza, si muzuri kusuka sasa. Si muzuri kwa nani? Anataka nifike mbele ya Misozi na kichwa kama ya mutu ametoka kulala, ile mwingine anang'aa! Telefone yangu naye aliichukua, asema inaenda kutengenezwa, na ilikuwa haina ubovu, nilipotaka kutumia yake nipigie mama yangu kule Pweto nimwage moyo wangu kidogo, asema réseau, mutandao ya kule, imeanguka, tutapiga kesho, na kesho yake vilevile.

Na kambi yote inajua, mi peke yangu sijui. Nikifika ku mupompi ya mayi bamama banakatisha maneno. Mama Reine, mukubwa wa bamama ba kanisa, alikuja na unga mu beseni, sikumuomba unga, akanikumbatia mupaka nikakosa pumuzi, akaniita maskini. Maskini juu ya nini? Kisha shemeki yangu Evariste, yaya mukubwa wa Zéphyrin, akatokea kutoka Mwansabombwe na sakoshi yake ya safari, hakuleta habari yoyote, anakaa tu, anaangalia batoto yangu anatikisa kichwa. Na beye bote banaenda ku kisiwa samedi! Evariste anaenda, Mama Reine anaenda, na pasta wetu naye anaenda. Pasta, Mama Germaine! Anaenda kubariki nini?

Nikajisemea, muulize mwenye bwato. Boyd, ule Muzambia wa Kashikishi, unamujua, analipisha batu hata kwa kuku bamebeba ku mapaja. Nilimuuliza, samedi tutarudi saa ngapi, juu bale banasema siku moja na upepo wa muchana sasa iko mubaya. Akatoa kofia. Boyd! Akaniambia, mayo, ni kusema mama, wewe haulipe kitu, na kurudi tutaona. Mwanaume mwenye kupenda feza kama ule akikuambia haulipe, jua kama amepewa cha kufunga mudomo.

Na hii njo ilinimaliza. Zéphyrin alikuwa anaoga, nikafungua sakoshi yake. Safari ya siku moja, ndani kuna blanketi. Chini ya blanketi kuna bikwembe mbili mupya, nguo za mwanamuke kujifunga, rangi moja, maua hakuna, nyeusi-nyeusi kama mayi ya usiku. Mbili, Mama Germaine! Unajua weye na mi nani anapewa kikwembe ya rangi moja. Mwanaume mwenye bibi babili njo anawavalisha sawasawa, atembee katikati yao siku ya Mungu kama chef wa kijiji. Moja ni yangu, ingine ni ya mbanda wangu, bibi mwenzangu. Nilirudisha vile ilikuwa, nikafunga sakoshi.

Basi mi nimeshapanga. Jana nilienda kwa Dada, jirani yangu, akasita, kisha akanisuka kwa siri, nafunika na foulard. Nitavaa robe yangu ya rose, ile gauni ya pinki ya ubatizo wa mutoto, na biatu ya talon, ya kisigino kirefu. Mu leso nimefunga pilipili ya unga. Bwato ikigusa muchanga nitashuka wa kwanza, nitaita Misozi kwa jina mbele ya pasta, na akitoka tu, macho yake itaniambia kweli ao itawaka. Kisha Zéphyrin abaki kule na chai yake. Mi nitarudi kwa batoto yangu.

Niende ao nisiende? Na ninaomba jambo moja, barua hii isome ku radio jeudi, alhamisi mangaribi, Zéphyrin anakusikilizaka, asikie haya mbele ya majirani. Nimempa Deborah wa radio yenu akuletee. Mi mwenye roho inawaka, Florentine.

—

Florentine, mutoto yangu,

Barua yako sikuisoma ku radio na sitaisoma. Ninakujibu kwa mukono yangu, na Deborah nimemwambia akupatie wewe mwenyewe, si bwana, si jirani.

Kwanza nikugombeze, juu unastahili. Pilipili ku macho ya mutu? Wewe mama mukristu, mwenye batoto, ukimbie vita Congo uje ubebe vita mu leso? Ule Misozi alikosa nini, kupika chai muzuri? Ungemuharibu macho, kesho uko ku polisi ya Zambia unaeleza tangawizi. Na ungefanya ile mbele ya yaya yako Lévi, mu kiwanja yake, siku ile. Eeh, Florentine. Nilisoma pale nikaweka barua chini nikatembea kidogo mu nyumba.

Sasa kaa, tuongee mambo vile iko. Mi niko mu kazi hii miaka mingi, wanaume wenye deuxième bureau bamepita mbele yangu wengi, najua vile banatembea. Banatembea peke yao. Mutu anayeenda kwa mwanamuke habebi yaya yake mukubwa, habebi pasta, habebi Mama Reine, na zaidi habebi bibi yake! Na hawezi kumupeleka bibi yake kwa shemeki asiyempenda. Zéphyrin na Lévi habapatane, umesema mwenyewe. Kama anaenda kukaa mbele ya Lévi, anaenda juu Lévi njo mukubwa wa kwenu, na mu jamaa kuna neno moja bwana hana ruhusa ya kulisema. Linasemwa na mukubwa wa damu.

Tena bikwembe. Mwanaume anayeoa ananunua nyekundu, ananunua ya maua, ya ndege, ya kupiga kelele mupaka ng'ambo ya ziwa. Yako uliandika nyeusi-nyeusi, hakuna maua. Nani ulimuona akipendeza mwanamuke na ile rangi? Na ni kweli, bibi babili banavaa sawasawa. Nani wengine kwetu banavaa sawasawa, Florentine? Bana ya mama moja banavaa. Lévi ana bibi wa kuvaa pahali pake, weye uko dada yake. Nguo mbili.

Na nywele. Ni wakati gani kwetu mwanamuke anaambiwa asisuke? Boyd naye, nimuongelee kidogo juu ninamujua tangu zamani. Boyd hakupewa kitu. Kuna batu ya aina moja tu Boyd anawavusha bure, na akiwaona anatoa kofia, baba yake alifanya vile na yeye anafanya vile.

Mi sijui kitu. Hakuna mutu aliniambia, na sikupigia mutu telefone. Ile mustari yako ya telefone na réseau ya Pweto, siigusi. Lakini unajua sawasawa na mi ya kwamba habari ya kilio kwetu haipite mu telefone, haiandikwe mu barua, haisomwe ku radio mutu eko peke yake ku nyumba na sufuria ku moto. Inabebwa. Batu banakubeba polepole, banakudanganya na chakula, banakudanganya na promenade, matembezi, mupaka bakufikishe pahali ukianguka utaangukia mu mikono ya batu yako. Hata weye umeshafanya safari kama ile pembeni ya mwingine, umeshasema twende tu, ni homa kidogo. Mama wa kanisa gani wa Mantapala hajafanya? Ulisahau namna inaonekana ukiwa weye njo unabebwa.

Kama si ile pilipili ningenyamaza kama bengine. Sikupenda kuandika hata haya, na Lévi akijua atanigombeza, atakuwa na haki. Lakini mu mawazo nilikuona unaruka ku muchanga na robe ya rose na talon, unatukana, na bamama beko pale bamefunga vichwa banakungojea. Kisha ungesikia. Ungebeba ile haya mupaka uzee.

Basi, fanya hivi. Pilipili irudi mu kikopo leo. Robe ya rose iache mu sanduku, itapata siku yake. Nenda kwa Dada akufumue nywele, usimueleze sababu, naye hataulizia, utaona. Batoto uwaachie unga ya siku nyingi, juu ile aller-retour ni ya mudomo tu, Zéphyrin hakujua kusema ingine. Vaa biatu ya kutembea. Samedi mulamuke mapema, muondoke mbele upepo haijaamuka, na Boyd akikupa jilé ya kuokoa, ile koti ya kuelea, uivae, usifanye kiburi mu mayi. Chukua leso yako, ila iwe tupu.

Mu bwato kaa pembeni ya Zéphyrin. Usimuulize kitu. Ule mwanaume amebeba muzigo juma muzima na hana kifua ya kuubeba, njo maana anatoka inje kukohoa. Akikusukumia samaki, kula. Umeandika ile kama makosa, mi nimesoma nikasema, huyu mwanaume anapenda bibi yake na hajui maneno ya kumuambia. Anaosha masahani juu mikono yake inatafuta kazi.

Mukifika, yaya Lévi atakuambia ukae. Ukae. Usibishane, usiseme nimechoka kukaa mu bwato nataka kusimama. Ukae chini ku mukeka, Mama Reine atakuwa nyuma yako, bibi ya Lévi atakuwa ku upande yako, uache bakushike. Kisha ulie. Usione haya ya pasta ao ya shemeki. Bamekwenda mbali yote ile kusudi ulie vizuri.

Na kama nimekosea, Florentine? Kama mi ni mwanamuke muzee tu, mwenye kuona kilio kila pahali? Kama bwato inagusa muchanga na Misozi anatoka na kikwembe kama yako, anacheka, kikombe ya chai ku mukono? Basi rudi mbio, uje ku radio jeudi inayokuja, nitakupa mikro yangu, unitukane mbele ya Nchelenge yote, uniite murongo, uniite muchawi, nitakuongezea na saa. Nitafurahi, mutoto yangu. Tangu nimalize kusoma barua yako ninaomba Mungu iwe Misozi.

Mama Germaine