Siku Nilipomshika Mama Mkwe Chini ya Mwerezi

Saltley, Birmingham
Februari 2009

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye theluji. Kifua chako kinaendeleaje? Na mguu wa Mama, umeacha kufura? Sisi tu wazima, mtoto ameota jino, ila nyumba yangu haina amani. Afadhali uyasikie kwangu kabla hayajakufikia kwa midomo ya watu.

Unajua mamake Nekesa alikuja kutusaidia kumlea mtoto. Hata huku ng'ambo tumeshika heshima ya kwetu Bukusu. Simpi mkono, simtazami usoni. Tumempa ghorofa yote ya juu, sisi tunalala sebuleni, na nikipanda kwenda bafuni nakohoa kwanza ili ajue mkwe anapita. Nikiwa na neno namwambia Nekesa, naye amwambie mamake, hata tukiwa chumba kimoja. Nyumba za huku ni nyembamba, Baba. Koo limenikauka kwa kukohoa.

Sasa, kwenye bustani ninakofanya kazi kuna mwerezi, ule wa Lebanoni hasa. Mama mkwe ameusikia kanisani tangu utotoni, akasema harudi Kenya bila kuugusa. Nilikataa. Matawi yake yamelala kama meza, theluji ikijaa juu yanakatika bila kubisha hodi, na msimamizi wetu alishatukataza kupita chini yake. Nekesa akawaka: "Leo unamnyima mamangu mti, kesho utamnyima nini?" Basi Jumapili nikawapeleka, nikasema tutautazama kwa mbali.

Mbali gani! Nekesa alipobaki nyuma kumfunika mtoto, mama mkwe alikwenda moja kwa moja hadi shinani, akaweka viganja kwenye gome, akafumba macho, akaanza kuomba. Maombi yake unayajua, amina haiko karibu. Mara nikasikia juu kitu kinalia, krrr. Nikaita, "Nekesa! Nekesa!" ili amwambie mamake atoke. Hakusikia. Nikaita tena kwa nguvu, na tawi linazidi kulia. Haki ya Mungu, Baba, niliogopa. Lilipopasuka ndipo nikamrukia, nikamkumbatia kiunoni, mama mkwe wangu mzima, tukaanguka pamoja kwenye theluji. Tawi lilitua pale pale alipokuwa amesimama.

Aliinuka, akajifunika leso hadi usoni. Tangu siku hiyo amejifungia juu, chakula anapelekewa. Nekesa analia, mimi silali. Nilianza barua hii nikitaka kukuomba upeleke mbuzi kwa ndugu za mama mkwe, tutakaswe baada ya kugusana, kabla hajafika huko.

Lakini sasa hivi, nikiwa bado naandika, Nekesa ameshuka na ujumbe wa mamake. Nauandika kama ulivyo: "Mwambie mkwe wangu nilimsikia akikuita, nikadhani ni mambo yenu wawili. Kumbe ni mimi niliyekuwa nakufa! Angefungua kinywa aniambie 'toka', kingeoza?"

 

Nisalimie Mama, kaka Wekesa anayetutunzia ng'ombe, na shangazi Nafula mpishi wa shule. Mbuzi mpeleke tu, lakini nijibu upesi, maana wakwe watauliza: ni wa kumshika, au ni wa kuchelewa kumshika?

Mwanao,
Simiyu