Mataji Nje, Khainza Ndani

Jumapili, 7 Machi 1993

Tumetoka hekaluni Jinja, kwa Wahindi wa Krishna. Mwanangu Night amelala mgongoni, tumbo limejaa wali na dengu. Wanakibariki chakula kwanza, halafu kila mtu anakula, hata asiyejua kuimba. Nashukuru.

Nashukuru pia neno lao — mataji. Maana yake mama, mama wa kuheshimiwa. Leo kijana mmoja wa Kihindi, saa ya dhahabu mkononi, ameinama mbele yangu na sufuria: Mataji, nikuongezee? Mimi! Miaka ya vizuizi vya wanajeshi barabarani nilikuwa "wewe mwanamke, shuka." Au neno baya kuliko hilo. Na kwa Kiswahili hiki hiki.

Mume wangu Isabirye ndiye aliyetupeleka huko. Tangu jeshi lilipompunguza Desemba, wenzake wameingia kwenye pombe ya waragi, yeye ameingia kwenye nyimbo. Sasa kila mwanamke wa hapa kwetu Mafubira ni mataji. Muuza nyanya, mataji. Jirani yangu Shamim, mataji — Shamim alicheka mpaka mtandio ukadondoka, akasema mume wake naye aje asomeshwe na Isabirye.

Tatizo ni moja. Na mimi ananiita hivyo. Ndani ya nyumba.

Jumatano, 10 Machi

Meno ya Night yanatoka. Sikulala. Alfajiri Isabirye akamchukua, akamwimbia mlangoni mpaka akanyamaza. Mtu aliyekaa vitani Teso na bunduki miaka yote ile, anabembeleza kitoto ambacho hakukiona kikizaliwa. Akaniambia: Mataji, pumzika. Nikapumzika. Mungu anajua nashukuru — nyumba ya tatu kutoka hapa mume naye amerudi, na mke ana mkono kwenye bandeji.

Lakini analala kwenye mkeka wake, karibu na mlango. Ulianza siku ile ile lilipoanza neno. Mtu halali na mama yake. Mimi si mjinga.

Labda hakusikia vizuri. Mwalimu wa hekalu, yule Mkenya Alfayo — wanaume wanaitana prabhu, basi Prabhu Alfayo — alisema wazi: kila mwanamke usiyemwoa ni mama yako. Usiyemwoa. Labda ngoma ilimeza hilo neno.

Jumapili, 14 Machi, Mbale

Tuko kwetu kumwonyesha mama mjukuu. Kwetu mkwe na mama wa mke hawakaribiani. Isabirye amekaa uani, mama yuko jikoni nyuma ya pazia, chakula nabeba mimi. Miguu yangu inauma kwa kwenda na kurudi.

Jioni hii akaita kutoka uani: Mataji, naomba maji.

Mama akaniuliza, anamwita nani? Nikasema mimi. Ni nini hiyo? Nikajaribu kukwepa. Akanishika mkono. Basi nikasema: maana yake mama.

Akapaza sauti ipite pazia: kama Khainza ni mama yako, basi mimi Namono ni nyanya yako. Sina haja ya kujificha. Ingia jikoni, mjukuu wangu, tule sahani moja, nikuambie utani!

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama naye. Uani hakuna aliyecheka. Nilipotoka na maji kiti kilikuwa kitupu, yuko kule barabarani, mikono nyuma, kama yuko zamu.

Mama akaniambia polepole: binti yangu, amekuheshimu mpaka amekuacha.

Jumanne, 16 Machi, Mafubira

Nimemuuliza. Night alikuwa kwa Shamim. Nikasema, Baba Night, hukusikia "usiyemwoa"?

Nilisikia, akasema.

Basi kwa nini?

Akakuna mguu wa meza kwa ukucha, muda mrefu. Halafu akasema: kule Teso nilizoea kuita mtu akatetemeka. Mwanamke anasikia sauti yangu tu, magoti chini, sijamgusa. Nikisema mataji, sauti inakuwa ingine. Siku ile niliporudi Desemba niliita "Khainza!" hapo mlangoni — nilisikia ile sauti ya kule. Na wewe uliruka.

Kweli niliruka. Nilidhani hakuona.

Nilitaka kulia lakini nikajua nikilia hatutamaliza. Nikamwambia: mama yako amezikwa Buwenge, tulimlilia wote wawili. Mimi sikukuzaa. Hekaluni niite mataji mbele ya dunia nzima, nitatembea kwa maringo. Humu ndani nina jina. Liseme polepole. Likitoka vibaya nitakuambia, utarudia. Lakini ukiita mataji humu, siitiki.

Akasema ndiyo, afande.

Hatujacheka hivyo tangu arudi. Lakini usiku mkeka ulikuwa pale pale.

Alhamisi, 18 Machi

Siitiki. Ameita jana mara mbili, akakumbuka, akanyamaza. Sasa anapitia kwa mtoto: Night, mwambie mama yako uji una chumvi. Night anajibu ba-ba-ba.

Leo hekaluni tulikuwa tukikatakata viazi. Mataji Kusum — alifukuzwa nchi hii pamoja na Wahindi wote akiwa bi harusi, amerudi ana mvi — akamwona Isabirye akizungukazunguka bila kuniita chochote. Akamnyooshea kisu. "Prabhu Isabirye. Mimi mataji. Huyu iko mke yako. Jina yake wewe nasahau?"

Akasema hapana, Mataji, nalijua.

Alivyosema "nalijua". Nimerudi nyumbani na hilo neno moyoni.

Ijumaa, 19 Machi

Mvua tangu saa tisa. Night amelala, jino limetoka, dogo kama punje ya mchele. Nimekaa kitandani naandika kwa mwanga wa dirisha. Mkeka wake nimeukunja, nimeuweka juu ya kabati. Anaweza kuufikia akitaka. Sijamfungia.

Nasikia viatu vyake barazani. Anakung'uta maji. Halua aliyoleta kutoka hekaluni nainusa hapa nilipo.

Haingii.

Amepiga hodi. Kwenye nyumba yake mwenyewe! Nimeuliza kwa upole, unamtaka nani?

Mvua tu. Anasafisha koo. Si kwa nguvu. Anasafisha tena, kama anayejaribu wimbo kabla watu hawajafika —