Kwa Nini Mdogo Hakuitika

Remera, Kigali
20 Novemba 1994

Mama mpendwa,

Shikamoo, mama yangu. Naomba barua hii ikukute na nguvu zako, na lile goti liwe limepunguza kelele ingawa najua mvua za Karagwe hazilionei huruma. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nafanya kazi, na Jumapili naenda kanisani. Gatera, kaka yangu unayemsomea mama, tafadhali mkalishe ndani kwanza. Usimsomee nje mbele ya wageni, wala usiruke neno ukidhani unamhurumia. Nakujua wewe.

Mama, kila barua yako inaniuliza jambo moja tu: nimempata mdogo wako Gahongayire? Nami kila mara nakujibu kwamba naendelea kuulizia. Ni kweli nilikuwa naulizia. Niliomba shule hii kwa sababu Kibagabaga kwake si mbali, mtu anafika kwa miguu. Nilikwenda mahali ulipotuelekeza tangu tukiwa wadogo, nikakuta nyumba haina bati wala mlango, na watu wa pale ni wageni kama mimi, wamefika juzi kutoka Uganda na Burundi. Hakuna aliyemjua. Sasa nina habari, lakini siwezi kuanza na mwisho wake. Nivumilie, nianze na darasa langu.

Darasa la nne lingekuchekesha. Waliotoka Uganda wanasoma Kiingereza, waliotoka Zaire na Burundi wanasoma Kifaransa, wa kwetu Tanzania wanaomba ruhusa ya kwenda chooni kwa Kiswahili, na waliokuwa hapa hapa wananyamaza. Tunafundisha kwa Kinyarwanda, hata kama mimi mwenyewe nakiongea kwa lafudhi inayowachekesha. Vitabu hamna. Wengi wanasoma maneno vizuri sana, lakini ukiuliza walichosoma kinasema nini, wanakukodolea macho. Kwa hiyo mwalimu mkuu, mzee Gakwaya, alinipa kazi ya kuwafundisha ufahamu. Naandika habari ubaoni, wanaisoma, kisha nauliza nani, wapi, lini, kwa nini. Sheria ya mzee Gakwaya ni moja: jibu limo ndani ya habari, na mtoto anayejibu kutoka kichwani mwake amekosa. Nikaishika sheria hiyo kama amri ya Mungu.

Kuna mtoto mmoja anaitwa Umutoni, ana miaka kama kumi. Aliletwa na mwanamke aitwaye Mukandekezi, aliyesema tu kwamba mtoto hana mtu na kwamba anaishi kwake. Umutoni anasoma kuwashinda wote. Lakini asubuhi nikiita majina, la kwake haitikii. Ananitazama machoni na kunyamaza. Nikaona ni kiburi, mama, na unajua mimi na watoto wenye kiburi. Nilimsimamisha nyuma ya darasa zaidi ya mara moja. Sikuwa na namna ya kujua ni wa nani, maana sisi Wanyarwanda mtoto habebi jina la baba yake wala la ukoo.

Mwanzoni mwa mwezi huu niliishiwa habari za kuandika, nikachukua moja ya zako ulizotusimulia. Ile ya dada wawili waliopelekwa kuamia ndege kwenye mtama. Nikaandika kwamba jioni mdogo hakuonekana, mkubwa akamwita shambani, akamwita kisimani, akamwita kwa majirani huku analia, na mwishowe akamkuta nyumbani ndani ya kihenge, amelala. Majina sikuyaandika. Swali la mwisho lilikuwa: kwa nini mdogo hakuitika? Darasa zima liliandika kwamba alikuwa amelala. Umutoni aliandika kwamba alisikia, ila alinyamaza kwa sababu alipenda kutafutwa na dada yake.

Nikampa kosa, tena kwa wino mwekundu. Nikamwambia asome upya. Akarudisha jibu lile lile. Nikamwita mezani, nikamwonyesha neno amelala pale ubaoni, nikamwuliza haoni? Akasema anaona, lakini aliyeandika hajui, kwa sababu yule mdogo alijifanya tu. Akaongeza kwamba dada mtu alimfinya sikio kwa hasira, halafu akamkatia kiazi chake mwenyewe, akambeba mgongoni hadi kwa mama yao. Mama, hilo la kiazi sikuliandika ubaoni, ingawa wewe hukosi kulisimulia. Nikamwuliza habari hiyo kaipata wapi. Akasema ni ya mama yake. Nikamwuliza mama yake anaitwa nani, naye akatamka Gahongayire.

Mama, mdogo wako hayupo. Alikufa Aprili, pamoja na mumewe na watoto wao wakubwa. Aliyebaki ni Umutoni, kitinda mimba wake. Nilitamani nikuandikie kitu kingine chochote duniani isipokuwa hiki. Samli uliyomwekea naijua, na wimbo uliotaka kumwingia nao naujua, na nimelia kwa ajili yako mpaka kichwa kikauma.

Mukandekezi amenieleza mengine, nami nakueleza kwa sababu utamlea huyu mtoto na lazima ujue. Alikuwa jirani yao. Gahongayire alimpelekea mtoto usiku, akafichwa darini, na kabla ya kuachana alimwapisha kwamba akisikia anaitwa asiitike, hata sauti awe anaijua, hata ikiwa ya mama yake. Kesho yake wauaji walimleta Gahongayire uani, wakamlazimisha amwite. Alimwita. Umutoni alisikia na hakuitika. Mukandekezi anasema mdogo wako aliita kwa sauti kubwa na ya wazi, kisha akawaambia wale watu kwamba wameona wenyewe, hapa hakuna mtoto.

Baada ya hapo nilifuta lile kosa jekundu, ila karatasi ikachanika. Umutoni aliniuliza jambo moja tu. Aliuliza kama mama yake, alipoita na kukosa jibu, alijua kwamba anasikiwa. Nilimwambia alijua. Nilimwambia alifurahi. Sina habari ya kuthibitisha hilo wala mahali ilipoandikwa, lakini siwezi kuamini vinginevyo, na sheria ya mzee Gakwaya na inisamehe. Asubuhi siku hizi siiti majina. Napita kati ya mistari, namgusa kila mtoto bega.

Tumeonyeshwa miili yao ilipo, nasi tunakusubiri wewe kwa mazishi yanayostahili. Umutoni ameanza kulala kwangu siku za Jumamosi, Mukandekezi amekubali. Nimemweleza kwamba yule dada mkubwa wa kwenye habari yu hai na anakuja Krismasi. Alitaka kujua tu kama bado unafinya masikio.

Nisalimie Gatera na mkewe, na majirani wote watakaokuja kukaa na wewe ukisikia haya. Nawashukuru kabla hata hawajafika. Wewe jipe moyo, ule, unywe dawa ya goti, usikatae watu kukushika.

Na ukija, mama, nakuomba kitu kimoja. Najua mazoea yako, unaanza kutuita kwa majina ukiwa bado barabarani. Huyu usimwite. Ingia kimya mpaka alipo, umbebe.

Mwanao anayekupenda na kulia pamoja nawe,
Mukunde