Moshi wa Bluu Mlimani

Jumatano, jioni

 

Leo mchana nilikuwa nampeleka wifi hospitali ya Mbinga kujifungua, yeye na mama mkwe wakiwa kiti cha nyuma. Tulipotoka Liparamba gari lilikuwa sawa. Kwenye mlima mkali, mluzi wa turbo, ile feni inayoiongezea injini nguvu, ukageuka kilio, na nikaona kwenye kioo moshi wa bluu unatufuata. Nikapunguza mwendo.

"Kanyaga mafuta, mwanangu! Mtoto anakuja!"

"Nikikanyaga, mama, injini itakufa hapa hapa."

 Sijawahi kumjibu hivyo. Nilipanda kwa gia ndogo, polepole, watembea kwa miguu wakitupita, na kila wifi alipolia nilijiona mimi ndiye ninayemuua.

Tulifika. Mtoto ni wa kike, na wote wawili ni wazima. Namshukuru Mungu.

Fundi wa jirani na hospitali ameifungua turbo, akaishika shafti yake kwa vidole viwili, ikacheza, imelegea. "Dada, ungekanyaga msingefika," akasema. Kisha akachomoa kijiti cha oili, akanionyesha. Oili ilikuwa nyeusi, nzito kama lami. Hiyo ndiyo iliyoila turbo.

Ilipaswa kubadilishwa tangu mwezi uliopita. Nilijua, nikaahirisha.

Jioni hii mama mkwe amenisifu mbele ya ndugu wote, kwamba uangalifu wangu ndio umemwokoa binti yake. Wakapiga vigelegele. Niliinamisha kichwa, nikasema asante, na woga ukanishika kuliko kule mlimani.