Niliyomtafsiria Mama Yako

Hiribae, ndugu yangu,

Kitanda chako kilipata mtu kabla udongo wa kaburi lako haujakauka. Blanketi lako walilifua, wakampa mtoto wa darasa la chini. Sisi wa darasa la mwisho tuliamriwa turudi kwenye hesabu. Maro, kiranja mkuu, alisema mtihani haumngoji maiti. Akacheka, na wengine wakacheka naye.

Unajua ilivyokuwa. Nakusimulia wewe kwa sababu hapa kwetu Garsen hakuna anayetaka kunisikiliza.

Uliamka unatetemeka. Nilimwendea Maro nikamwomba akuache ulale. Akasema hiyo ni homa ya mtihani, kila mwaka huwashika wavivu, naye akamweleza Mwalimu Mkuu hivyo hivyo. Yule Mwalimu Mkuu wetu Mzungu hakuja hata kukushika paji la uso. Aliagiza ubebe maji ya jikoni kutoka mtoni mpaka mapipa yajae. Ukabeba. Ulinipita pale ukingoni, debe kichwani, macho mekundu, ukaniambia nikuwekee nafasi kivulini. Hukufika. Ulianguka mlangoni pa jikoni, maji yakamwagika, na Maro akasimama juu yako akikuamuru uinuke urudi mtoni. Alasiri ukakata roho. Nilikuwa nimekushika mkono, wala hukunijua.

Tulikuzika jioni ile ile kwa sababu ya joto. Mto umefurika, wakasema, hapana mtu wa kupeleka habari kwenu. Sidhani walimtafuta.

Kisha mama yako akaja, kwa mtumbwi wa watu wa huku kwetu, amekuletea kambare mkavu na ndizi mbivu. Alimwuliza mlinzi unasomea chumba gani. Mlinzi akamwonyesha kaburi.

Kiswahili cha mama yako ni cha kununulia chumvi tu, na Mwalimu Mkuu hajui Kipokomo, basi nikaitwa ofisini nitafsiri. Nilimkuta amekaa sakafuni, kapu mapajani, ingawa kiti kilikuwepo. Maro alikuwa kando ya dirisha.

Mwalimu Mkuu akaniambia, "Mwambie mwanawe alificha ugonjwa. Angesema, tungemtibu."

Mama yako akaniangalia. Macho yale ni yako, Hiribae. Nikamwambia kwa lugha yetu kwamba ulikuwa mgonjwa na walijua, nilikusemea mimi mwenyewe, nao wakakubebesha maji mpaka ukaanguka. Nikamwonyesha Maro kwa kidole.

Hakulia. Aliniuliza jambo moja tu, kama asubuhi ile ulikula chochote. Nikamwambia hukula.

Maro ni wa kwetu, Kipokomo anakijua kama mimi, ila hakutaka kusema na mama yako yeye mwenyewe. Alimweleza Mwalimu Mkuu kila neno. Nilichapwa viboko mbele ya shule nzima, mama yako akiwa pale pale na kapu lake, kisha nikafukuzwa, na mtihani umeshakaribia. Maro aliufanya akafaulu. Sasa ni karani wa serikali. Akija kijijini, wazee humpisha njia.

Nilirudi na mama yako katika mtumbwi mmoja. Nilidhani ataniita mwanawe. Tulipokaribia nyumbani akaniuliza yule Mzungu alikuwa amesema nini hasa. Nikamwambia.

"Ungenipa maneno yake," akasema. "Yale ningeweza kuishi nayo. Haya yako yatanila mpaka nife."

Tangu siku hiyo nikipita shambani kwake hunigeuzia mgongo. Baba yangu husema nimetupa elimu yangu mtoni kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufa. Wanawake kisimani wanasema nilimpasua moyo mama wa watu ili nionekane shujaa. Kuna siku naona wana haki. Halafu namwona Maro amevaa suruali yake ndefu, anaamkiwa, na mama yako naye anamwamkia kwa kuwa ni karani, na moyo wangu unakuwa jiwe. Anamwamkia yeye, Hiribae. Mimi hanijibu.

Pumzika, ndugu yangu. Mimi nimebaki na jembe. Nitamlimia mama yako mpunga wake akiwa hayupo shambani, ajue au asijue. Na siku atakayoniuliza tena ulikufaje, nakuahidi, nitamjibu vile vile.

Wako,
Komora