Neno Nililomwambia Sista Remedios

Jumapili, 2 Machi 2025

Wiki ya pili hapa Bugolobi, Kampala. Kwa usahaulifu wa uzee, Kiingereza kimemtoka kabisa Sista Remedios. Hata Kiacholi, alichofundishia huko kaskazini maisha yake yote. Kimebaki Kihispania cha utotoni, na nyumba nzima ya masista hakuna anayekijua.

Basi mimi, mtu wa Siaya niliyeajiriwa kumwogesha na kumlisha, najifunza kwa simu! Mwalimu wa kwenye video anasema: ukimwamuru rafiki au mtoto, chukua kitenzi, bandika "te" nyuma. Lávate—jioshe. Siéntate—keti. Hiyo "te" ni kama "ji" yetu, ila imehamia mkiani.

Nimejaribu. Amekaa! Nimecheka peke yangu jikoni.

Jumanne, 4 Machi

Aibu! Kumbe kwa mkubwa ni "siéntese". Siku hizi mbili nimekuwa nikimwamrisha bibi wa miaka themanini na nane kama mtoto wa nasari. Kwetu ningekula kofi. Mama hamwambii mkwewe "keti". Husema "uketi, mama".

Leo nikajirekebisha. Siéntese, Sista. Akanitazama kama anatazama ukuta. Nikarudia—wapi! Siéntate! Papo hapo akaketi, mikono mapajani, anangoja sifa.

Nani alimwambia hivyo zamani? Mama yake, labda. Na mimi nimeiba sauti hiyo.

Jumatano, 5 Machi. Majivu.



Masista walikwenda misa mapema. Padri alikuwa aje baadaye kumpaka Sista majivu nyumbani. Nikamvika. Akavua. Nikamvika tena, akavua, akicheka. Vístete, Sista—vaa nguo. Vístete! Akamwaga uji wote juu ya vazi safi.

Nikasema, vete! Ondoka! Kwa sauti ya kumfukuza mbwa.

Maneno yanafanana, najua. Lakini sikuyachanganya. Nilijua ninachosema.

Nikaenda jikoni kumalizia hasira yangu kwenye sufuria. Kurudi—kiti kitupu. Nikadhani yuko chooni. Pale getini Ogwal, mlinzi wetu aliyewahi kuwa jeshini, alikuwa amemfungulia mtu wa gesi, anamsaidia kushusha mitungi.

Amepatikana mchana kule viwandani, ndani ya mtaro. Nyonga imevunjika. Wamempeleka hospitali ya Mulago.

Alitii. Ndiyo hivyo tu. Nilimwambia aondoke, akaondoka.

Watu wote wana majivu kwenye paji leo. Mimi sina.

Alhamisi, 6 Machi

Sista Teresa, mkuu wa nyumba, amemsimamisha Ogwal kazi. Mbele yangu. Mwanajeshi mzima, kasema, umelinda mipaka, bibi mmoja amekushinda?

Ogwal alisimama wima kama yuko paredi. "Mimi nafungua geti ya gesi tu, Sista. Hapana ona yeye napita." Kisha akanigeukia. "Dada Awiti, wewe ulikuwa ndani. Yeye alisema anaenda wapi?"

Nikasema sijui.

Akavua kofia, akaiweka mezani polepole. Watoto wake wako shule Lira. Jana asubuhi tu alinikatia muwa, akauleta umemenywa, kwenye sahani.



Ijumaa, 7 Machi

Nimesema. Nusu.

Nilimfuata Sista Teresa kanisani, nikapiga magoti kando yake. Nikamwambia nilitaka kusema vístete, nikasema vete, ulimi uliteleza. Nilitegemea anifukuze. Akanikumbatia! "Bambi, nnyabo, pole sana dada. Lugha ya watu hiyo. Sisi tusiojifunza hata neno moja ndio wenye makosa." Akampigia Ogwal hapo hapo. Anarudi Jumatatu.

Ogwal naye kanitumia ujumbe: Mungu bariki wewe dada, umesema ukweli.

Ukweli!

Laiti wangenitukana. Wananishukuru, na shukrani yao inaniwasha mwili mzima. Nimwamini nani sasa—mimi mwenyewe sijiamini. Nikirudi kwa Sista Teresa kesho nitasema nini? Kwamba haukuwa ulimi, ulikuwa moyo?

Jumamosi, 8 Machi

Mulago. Zamu yangu kukaa naye. Naandikia hapa kando ya kitanda.

Niliingia na chupa ya uji. Aliponiona tu, akasukuma shuka. Mkono ukaanza kupapasa kando ya kitanda, unatafuta ndala. Anataka kushuka—na nyonga ile! Alilia kwa maumivu, hakuacha. Usoni hana hasira hata kidogo. Uso wa mtoto aliyeambiwa atoke, anaona anachelewa.

Nesi akacheka kwa huruma. Anakupenda huyu, kasema, anataka umrudishe nyumbani.

Nilikuwa natafuta kwenye simu, naandika vibaya, nafuta, naandika. Quédate. Baki. Nikalisema. Nikalisema tena, taratibu, nimemshika mkono.

Ameacha kuhangaika. Lakini ndala moja aliipata, ameikumbatia kifuani, haachi. Nimetoka koridoni kumpigia Sista Teresa simu, nimesema nina neno la kumwambia ana kwa ana. Yuko njiani.

Nesi ananiuliza kama bibi amekula. Natikisa kichwa tu. Kila nikifungua mdomo, Sista anaanza kuinuka.