Moto wa Baba Umezimwa

Mtaa wa Tatu,
Hesleby, Durham.
9 Novemba 2003.

Mpendwa kaka Alwyn,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye upepo wa bahari. Hujambo wewe, na Marian na watoto? Joto la Queensland halijawachosha? Mimi ni mzima, ila magoti. Baba ndiye si mzima, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Lile vumbi la mgodi wa makaa ya mawe limemmaliza mapafu. Ngazi hapandi tena, kwa hiyo tumemwekea kitanda sebuleni, karibu na meko. Wiki iliyopita nesi alimletea mtungi wa oksijeni, akaona makaa yanawaka, akagoma kuingia.

"Mzee Stobbs, chagua. Moto au hewa. Vyote viwili humu ndani, tutalipuka sote."

"Basi rudi na chupa yako, binti. Mimi na moto huu tumetoka mbali."

Nilimsihi kutwa nzima. Unajua moto ule haujazimika tangu Mama alipokuwa hai. Mgodi ulifungwa, hakuna tena anayetoka zamu usiku akihitaji joto, lakini kila jioni Baba aliufukia kwa chenga za makaa na asubuhi akauchokoa. Nilidhani ni ubishi wa uzee tu. Jioni pumzi zikambana, midomo ikabadilika rangi, ndipo akasema.

"Alwyn akirudi atakuta nyumba baridi. Mama yako alisema asikute nyumba baridi."

Kaka, nililia mbele yake bila aibu. Miaka yote tangu uondoke amekuwa akikungojea, kama Mama alivyokungojea utoke zamu.

Alikubali, ila nizime mimi, si nesi. Niliyazoa makaa kwa koleo nikayatoa uani kwenye mvua. Alitazama ukuta mpaka nilipomaliza. Sasa mtungi umeingia, anapumua afadhali, lakini bado ananyoosha mikono kwenye meko tupu.

Juzi nilikwenda pale ufukoni tulipokuwa tukiokota makaa yaliyoletwa na mawimbi. Siku hizi pamesafishwa, ni mchanga mtupu na watu wanatembeza mbwa. Nilihangaika nikapata ndoo moja, nimeificha bandani.

Daktari anasema tusitegemee Baba kufika Krismasi. Njoo, kaka. Tutayawasha yale makaa uani, mbali na mtungi, tumsogeze dirishani auone moto wako. Nyumba utaikuta baridi. Njoo hivyo hivyo.

Shangazi Edna anakusalimu, na Norman jirani yetu pia. Msalimie Marian, wabusu watoto. Mungu akufikishe salama, na akukutanishe na Baba.

Wako akupendaye,
dada yako, Enid